Kolestro inalisha kansa ya tezi dume? Ndio, ila siyo kupitia yai lako

Kuna voisi imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, ya jamaa anaongea kwa kujiamini kweli kweli, kwamba wanasayansi wamegundua kolestro ndio chakula cha kansa ya tezi dume, kwahiyo mwanaume ukishagonga 40 uachane na mayai, nyama nyekundu, maziwa na hata sangara maana ana mafuta, halafu mwishoni kabisa, akishakutisha vya kutosha, inakuja namba ya simu ya kuagiza dawa ya "kutoa mafuta na kusafisha tezi". Vijiweni imegawa watu makundi mawili. Wapo walioogopa, wengine wameingia famasi kuulizia vidonge vya kushusha kolestro bila hata kupima kama kolestro yenyewe imepanda. Na wapo wanaocheka tu, wanasema babu zetu Wasukuma walikunywa maziwa na kula samli maisha yao yote, mbona hatukusikia habari za tezi dume.

Mi nasema makundi yote mawili yamepotea, na yamepotelea sehemu moja, yote yanabishania sahani. Uhusiano kati ya kolestro na kukua kwa kansa ya tezi dume upo, siyo uzushi wa mitandao, lakini uko ndani ya seli ya kansa yenyewe na unaonekana zaidi kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshakuwa mkali au ameshaondolewa homoni. Ukiuchukua huo uhusiano ukaugeuza kuwa sheria ya kutokula mayai, au sababu ya kumeza vidonge kimya kimya, unapata njia mpya ya kuchelewa kwenda kupima, na kuchelewa ndio kitu kinachoua wanaume wa Kanda ya Ziwa kwa ugonjwa huu.

Twende taratibu. Tezi dume ni kitu kidogo tu, kimekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo, ndio maana ikivimba mkojo ndio unaolalamika wa kwanza. Inakua na kuishi kwa amri ya homoni za kiume, hasa testosteroni, na kansa inayotokea humo inarithi tabia hiyo hiyo. Hilo lilionyeshwa mwaka 1941 na Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges kule Chicago, walipoona mgonjwa ambaye kansa imeshasambaa kwenye mifupa akitolewa korodani, au akipewa homoni ya kike, ugonjwa unarudi nyuma, na Huggins akaja kupewa Nobel mwaka 1966. Zaidi ya miaka 80 imepita na msingi wa matibabu ya kansa iliyosambaa bado ni huo huo, kumnyima mgonjwa testosteroni, ambayo nyingi inatoka kwenye korodani. Nchi zenye pesa wanachoma sindano kila mwezi au kila miezi mitatu. Huku kwetu wagonjwa wengi wanaishia kutolewa korodani, kwa sababu upasuaji unafanyika mara moja na gharama inaisha, wakati sindano ni deni la maisha. Ni uamuzi mgumu sana kwa mwanaume, sitaki kuupita kirahisi, kuna wazee wamesaini karatasi ile wakiwa wamegeuzia uso ukutani na kuna waliokataa wakarudi nyumbani.

Sasa kolestro inaingilia wapi. Watu wengi tunaijua kolestro kama uchafu unaoganda kwenye mishipa, lakini mwili hauwezi kuishi bila hiyo kitu, kila seli inaihitaji kujengea ukuta wake, na homoni zote za jamii ya testosteroni zinatengenezwa kutokana na kolestro. Seli inayogawanyika haraka inahitaji kuta nyingi, kwahiyo inahitaji kolestro nyingi, hilo halina ubishi kwa kansa yoyote. Ila tezi dume ina historia yake ya pekee. Mwaka 1942 tayari kulikuwa na kipimo kilichoonyesha kwamba tezi iliyovimba, tena uvimbe wa kawaida wa uzeeni ambao siyo kansa, ina kolestro nyingi kuliko tezi ya kawaida. Baadae sana, mwaka 2014, watafiti wa Purdue University kule Indiana waliangalia nyama za tezi kwa mwanga wa leza wakakuta seli za kansa kali zimejaza matone ya kolestro iliyohifadhiwa, kitu ambacho kwenye tezi isiyo na ugonjwa hakipo. Wakafuatilia wakakuta chanzo ni kupotea kwa jeni moja inaitwa PTEN, ambayo kazi yake ni kuzuia seli isikue ovyo, na ikipotea seli inaanza kuvuta mafuta kutoka kwenye damu kwa fujo na kuyaweka akiba. Wakaziba ile njia ya kuweka akiba kwenye panya, uvimbe ukapunguza kasi.

Hapo ndipo voisi ya WhatsApp ilipookota ukweli wake. Lakini seli hiyo hiyo inayovuta mafuta kwenye damu ina kiwanda chake pia, inaweza kutengeneza kolestro kuanzia sifuri, kutokana na vipande vidogo vinavyotoka hata kwenye ugali. Ukibana mlango mmoja inafungua mwingine. Fikiria siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapopumzika kuingia ziwani, mwenye ghala pale Mwaloni Kirumba hakosi mzigo wa kuuza. Kwahiyo mtu akikwambia acha yai ili kansa ife njaa, hajui kansa inavyoishi. Na hata hiyo kolestro ya kwenye damu, sehemu kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe, na ukila nyingi ini la watu wengi linapunguza uzalishaji, ukila kidogo linaongeza.

Sehemu ambayo kolestro inakuwa na uzito kweli ni baada ya homoni kuondolewa. Mzee ametolewa korodani, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imeshuka, maumivu ya mgongo yamepoa, familia imeshukuru Mungu, halafu baada ya mwaka mmoja au miwili au mitatu PSA inaanza kupanda tena. Familia inajiuliza inawezekanaje wakati korodani hazipo. Inawezekana kwa njia kadhaa, seli ya kansa inaweza kuongeza vipokeo vya homoni hadi tone dogo tu linatosha, inaweza kutumia homoni zinazotoka kwenye tezi zilizoko juu ya figo, na inaweza kuchukua kolestro na kupika testosteroni yake humo humo ndani ya uvimbe. Hii siyo nadharia ya kukaa mezani tu, dawa ya abirateroni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 inafanya kazi kwa kuziba hatua mojawapo ya upishi huo, na wagonjwa wameongezewa muda wa kuishi kwa hiyo dawa. Maana yake njia inayoanzia kwenye kolestro kwenda kwenye homoni ni njia ya kweli ambayo kansa inapita. Ila angalia ni nani anayehusika hapa, ni mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye matibabu. Mwanaume wa miaka 42 anayesukuma sahani ya mayai pembeni pale kwa mama ntilie hayumo kwenye hii hadithi.

Tukija kwenye takwimu za watu, sio za panya, upande unaosema kolestro ya damu ina mchango una hoja nzuri tu na nisingependa mtu azidharau. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wahudumu wa afya wanaume kwa miaka mingi, matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha waliokuwa wanatumia statini, yani hivi vidonge vya kushusha kolestro, walipata kansa ya tezi dume iliyofika hatua za juu kwa karibu nusu ya kiwango cha wasiotumia. Mwaka 2009 ukatoka mwingine, wanaume wenye kolestro chini ya 200 (kwa vipimo vya maabara zetu ni kama 5.2) walikuwa na hatari ya kansa kali iliyopungua kwa zaidi ya nusu, ingawa kansa kali zenyewe zilizohesabiwa hazikufika hata 100. Mwaka 2015 ukatoka wa wagonjwa 926 walioanza matibabu ya kuondoa homoni, waliokuwa kwenye statini walikaa miezi 27.5 kabla ugonjwa haujaanza kukimbia tena, wasiotumia wakakaa miezi 17.4. Hiyo tofauti ya miezi kumi siyo ndogo kabisa kwa mtu anayehesabu miezi. Watafiti hao walitoa na maelezo, kwamba statini inapita kwenye mlango ule ule wa seli ambao malighafi ya homoni inapitia, kwahiyo inawezekana inagombania nafasi na malighafi isiingie.

Na hata yai lina kesi yake, tuseme ukweli. Mwaka 2011 kwenye kundi lile lile la wahudumu wa afya, zaidi ya wanaume elfu 27, waliokula mayai mawili na nusu au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kupata kansa ya kuua iliyo juu kwa asilimia 81 kuliko waliokula chini ya nusu yai kwa wiki. Nadhani habari ya yai kwenye voisi ilianzia hapa hapa. Lakini ukisoma vizuri watafiti wenyewe walielekeza kidole zaidi kwenye kolini, kirutubisho kingine kabisa kilichomo kwenye yai, waliofariki walikuwa wachache, na walaji wa mayai walikuwa pia na tabia zao nyingine, uzito, sigara, nyama, kukaa bila mazoezi, ambazo unaweza kuzisawazisha kwenye hesabu lakini huwezi kuzifuta. Asilimia 81 ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Mtu anayeisikia kwenye simu anaelewa kwamba akila mayai ana nafasi 81 kati ya 100 za kufa, na hakuna wa kumsahihisha.

Upande wa pili nao una uzito wake. Statini zimejaribiwa kwa kura, yani wengine wanapewa dawa wengine kidonge kitupu bila kujua nani kapata nini, kwa sababu ya magonjwa ya moyo. Majaribio 27 ya kura yenye watu kama 175,000 yalijumlishwa pamoja mwaka 2012 kuangalia kansa, na jibu likawa hakuna tofauti, waliotumia statini hawakupata kansa zaidi wala pungufu kuliko wenzao, na vifo vya kansa vikawa vile vile. Yale majaribio hayakulenga tezi dume na muda wake ulikuwa kama miaka mitano, kansa ya tezi inaweza kutambaa miaka 15, kwahiyo siwezi kusema yamefunga mjadala. Ila yanatuambia kitu kuhusu zile tafiti za kuangalia tu. Mtu anayetumia statini kule Marekani ni mtu mwenye daktari, anayepima mara kwa mara, mwenye bima, na kansa yake ikija inakamatwa mapema ikiwa bado ndogo, sasa hapo kidonge kimefanya nini na daktari kafanya nini? Finland walijaribu kwa kura kabisa, wanaume 160 waliokuwa wanasubiri upasuaji wa tezi wakapewa atovastatini, aina mojawapo ya statini, au kidonge kitupu, matokeo ya 2018 yakaonyesha kwa ujumla kasi ya seli kugawanyika haikubadilika, isipokuwa kwa waliomeza muda mrefu kidogo, wiki nne na kuendelea, hao kasi ilishuka. Kidokezo, siyo ushahidi wa kumwandikia mtu dawa.

Halafu kuna jambo ambalo kwetu sisi linatakiwa kuwekwa mbele na huwa halisemwi. Karibu tafiti zote nilizozitaja ni za wazungu, wa Marekani na wa Finland. Mwanaume mweusi wa Marekani anakufa kwa kansa ya tezi dume karibu mara mbili ya mweupe, na sehemu ya tofauti hiyo iko kwenye jeni, kuna eneo kwenye kromosomu ya 8 ambalo limehusishwa na hatari kubwa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mlo wa mkulima wa Kwimba au mvuvi wa Ukerewe, ugali wa muhogo, dagaa, michembe, mlenda, haufanani na mlo wa daktari wa meno wa Boston. Huwezi ukakata namba ya kule ukaibandika huku kama ilivyo, wala kwa upande wa kutisha wala kwa upande wa kutuliza.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ile ya babu zetu. Inapendwa sana huku kwa sababu inatupa heshima, ng'ombe na maziwa ndio utambulisho wetu, na mtu akisema samli ni tatizo anaonekana kama anatukana ukoo. Lakini ipime. Wakati wa uhuru wastani wa umri wa kuishi nchini ulikuwa chini ya miaka 50, na kansa ya tezi dume ni ugonjwa unaoanza kuonekana sana baada ya 50 na kushamiri kuanzia 60 kwenda juu, kwahiyo wanaume wengi hawakufika kwenye umri wa kuugua. Waliofika, nani aliwapima? Kipimo cha PSA kimeanza kutumika duniani miaka ya 1980, na kimetufikia huku baadae sana. Babu aliyeanza kulalamika kiuno, akakonda, miguu ikafa ganzi, mkojo ukaziba, akafa, kwenye kumbukumbu ya familia amekufa kwa uzee au amerogwa, na mara nyingi kuna jirani aliyepata shida kwa ajili ya hicho kifo. Mgongo unaouma usiku na miguu inayopoteza nguvu ni picha ya kawaida kabisa ya kansa ya tezi iliyofika kwenye uti wa mgongo. Kwahiyo kusema hatukusikia haina maana haikuwepo. Na babu huyo huyo alikuwa anatembea kutoka Magu hadi mnadani na ng'ombe, analima kwa jembe la mkono, ukitaka kutumia samli yake kama ushahidi chukua na miguu yake.

Kuhusu hao wa kusafisha tezi sina maneno mengi. Tezi haina mafuta yanayosafishwa kwa chupa, haina bomba la kuzibuliwa, na mtu anayekuuzia chupa bila kukupima PSA hana namna ya kujua kama una uvimbe wa kawaida, maambukizi au kansa, vitu vitatu vyenye dalili zinazofanana na matibabu tofauti kabisa.

Wa vidonge vya famasi ndio wananipa wasiwasi zaidi kwa sababu hao wanadhani wamefuata sayansi. Statini ni dawa nzuri sana kwa anayeihitaji, imeokoa watu wengi wasipate kiharusi na shambulio la moyo, lakini inaweza kuleta maumivu ya misuli, na mara chache misuli inaharibika hadi figo zinaumia. Hapa Kanda ya Ziwa kuna jambo la ziada, kuna watu wanaotumia ARV za laini ya pili zenye ritonavia, na simvastatini, statini nyingine, haitakiwi kabisa kuchanganywa na hiyo, kiwango chake kwenye damu kinapanda kwa hatari. Muuzaji wa dirishani hawezi kukuuliza kuhusu ARV mbele ya foleni na we huwezi kumwambia. Halafu statini inashusha PSA kidogo, kama asilimia 4 kwa wastani, hiyo haina madhara makubwa, ila finasteridi ambayo wazee wengi wanapewa kwa uvimbe wa kawaida inaishusha karibu nusu, kwahiyo mtu anayejinunulia dawa mbalimbali bila kumtajia daktari anaweza kusomewa namba nzuri ambayo siyo yake.

Suala la chakula nalimaliza haraka. Sato, sangara na dagaa siyo adui wa tezi yako. Mafuta ya mawese hayana kolestro hata chembe kwa sababu yanatoka kwenye mmea, lakini yana mafuta mazito yanayofanya ini lipandishe kolestro ya damu, na mafuta ya chipsi yaliyochemshwa tangu asubuhi hadi yamekuwa meusi ndio mabaya zaidi, kwa moyo kwanza. Ukitaka kupunguza kitu anza na hayo, na kitambi.

Ninachokiona mimi nyuma ya mjadala huu wote ni kwamba hofu ya chakula imependwa kwa sababu ni rahisi. Kuacha yai hakuna kuvua suruali. Hakuna kidole cha daktari kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, hakuna kunyofolewa kinyama, hakuna kusikia neno kansa, hakuna mke kuulizwa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Nyegezi, mvuvi mstaafu, aliacha mayai na sangara kwa miezi kadhaa huku usiku anaamka mara nne tano kukojoa, siku moja akaniambia kwa fahari, mwanangu, mafuta nimeyadhibiti, na kipimo cha tezi hajawahi kufanya hata kimoja. Ndio mtu ambaye ile voisi imemfikia, na imemfikia vibaya.

Kansa ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania, na duniani mwaka 2022 ilikadiriwa kupata watu wapya karibu milioni 1.5 na kuua karibu laki 4. Wagonjwa wengi wanaopanda kile kilima cha hospitali ya Bugando kutoka Geita, Simiyu, Mara, Kagera na visiwani wanafika ugonjwa umeshatoka nje ya tezi. Umbali unachangia, pesa inachangia, aibu inachangia, na kuna kitu cha huku kwetu hasa, mtu akiona damu kwenye mkojo anasema kichocho, anameza dawa ya kichocho, anasubiri. Kichocho kipo kweli, kuna maeneo ya Misungwi na Kwimba watoto wanakipata kwenye mabwawa, ila mwanaume wa miaka 60 anayekojoa damu anatakiwa aangaliwe kibofu na tezi, siyo kuhisiwa. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko kufika mjini. Ila daraja halimpandishi mtu kitandani kwa daktari.

Je, kolestro ina nafasi gani basi kwa mgonjwa wa huku? Ina nafasi kubwa, na siyo ile inayotangazwa. Mwanaume anapoondolewa testosteroni, kwa sindano au kwa kutolewa korodani, mwili wake unabadilika, mafuta ya tumboni yanaongezeka, misuli inapungua, sukari inaelekea kupanda, kolestro nayo inapanda. Kwenye nchi kama Marekani, ambako kansa inakamatwa mapema, wagonjwa wengi wa kansa ya tezi dume hawauawi na kansa yenyewe, na moyo ni mmoja wa wauaji wakubwa, na matibabu yenyewe yanaweza kusukuma huko. Kwahiyo mzee akitoka chumba cha upasuaji, kupima kolestro, sukari na presha kila baada ya muda ni sehemu ya matibabu ya kansa yake, na kolestro ikiwa juu apewe statini kwa sababu ya moyo wake, ambako ushahidi wake ni mzito na wa miaka mingi. Kama ikija kuthibitika kwamba statini hiyo hiyo inachelewesha na kansa kurudi, atakuwa ameshafaidika bila kucheza kamari. Naona hapa hata wanaoshikilia kwamba kolestro inalisha kansa na wanaokataa wanaweza kukubaliana kwenye cheti kimoja cha dawa, na ni ajabu kwamba hiki ndicho ambacho ndugu wa mgonjwa hawaulizi kliniki. Wanauliza ale nini. Hakuna anayeuliza moyo wa mzee uko salama kiasi gani baada ya kuondolewa homoni.

Na kwa watafiti wetu kuna kazi iko mezani ambayo haihitaji mashine ya mabilioni. Wanaume wanaotolewa korodani Kanda ya Ziwa ni wengi, wote wanaondolewa homoni kwa njia moja, siku moja inayojulikana, bila mkanganyiko wa nani kakosa sindano ya mwezi gani. Pima kolestro yao kabla ya upasuaji, fuatilia PSA yao inaanza kupanda baada ya muda gani, kipimo cha kolestro ni cha bei ndogo kulinganisha na vingine. Hapo tungeongea kuhusu wanaume wa huku kwa namba za huku, badala ya kukopa za Boston na kuzitafsiri kwenye voisi.

Kwa anayeuliza leo, ana hela ya kipimo kimoja tu na ana miaka 50 na kitu, mkojo unatoka kwa kukatika katika au anaamka amka usiku, au baba au kaka yake alishaugua tezi, apime PSA na akubali kidole, kolestro isubiri mwezi ujao. Kama amewekewa mpira wa mkojo juzi au ana maambukizi, amwambie daktari kwanza maana PSA itapanda kwa sababu hiyo tu. Na kama ameshatolewa korodani, hela hiyo hiyo iende kwenye kolestro na sukari, na presha apimwe pale pale.